Televisheni ya Mjini na Sisi wa Mashinani

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa Sirisia mbele ya vikundi vya akina mama, vijana na wazee. Tumeyachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuweza kufika siku hiyo.



 Kamati ilituomba tuzungumze juu ya televisheni: ilianzaje Nairobi, na ilitufikiaje sisi huku chini ya Mlima Elgon. Pengine kuna mtu hapa anajiuliza, "Sasa hiyo televisheni inahusu nini maendeleo, na sisi tuna shida ya barabara, mbolea na karo?" Swali ni zuri. Jibu letu ni fupi. Katikati ya Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Serikali ikasema masomo yatapatikana kwa redio, kwa televisheni na kwa intaneti. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walikaa nyumbani mpaka Oktoba 12. Wale wengine walikaa mpaka Januari 4, 2021. Miezi hiyo yote, mtoto ambaye kwao kulikuwa na runinga aliweza kumwona mwalimu. Yule ambaye kwao hakukuwa na kitu alichunga ng'ombe. Na mtihani ulipokuja, ulikuwa mmoja kwa wote wawili.

Kwa hivyo tusione kwamba hii ni habari ya starehe. Ni habari ya nani anafikiwa na nani anaachwa. Tukiangalia historia tutaona kwamba jambo hili halikuanza 2020. Lilianza na mnara wa kwanza kabisa.

Nyumba ya shamba huko Limuru

Redio ilitangulia. Huko Nairobi ilianza mwisho wa miaka ya 1920, ikiwatumikia hasa walowezi. Televisheni ilikuja baadaye, mwaka wa 1962, mwaka mmoja hivi kabla ya uhuru. Mwaka wa 1961 lilikuwa limeundwa shirika liitwalo Kenya Broadcasting Corporation, ndilo KBC, na hilo ndilo lililoanzisha kazi hiyo. Mitambo ya kwanza iliwekwa katika nyumba ya shamba huko Limuru.

Kwa nini Limuru? Kwa sababu ni juu. Mawimbi ya televisheni husafiri kama mwangaza wa tochi, moja kwa moja. Yakikuta mlima, yanakwama. Yakifika mahali ambapo ardhi inainama, yanapita juu na kupotea. Mwenye mnara hutafuta kilima kirefu ili mwangaza wake ufike mbali. Hata hivyo mitambo ile ya kwanza ilifika maili 15 tu, yaani kama kilomita 24. Hiyo ni Nairobi na mashamba ya kando yake. Sensa ya 1962 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8 na nusu katika Kenya nzima. Sasa pigeni hesabu wenyewe, ni wangapi walikuwa ndani ya zile maili 15? Na kati ya hao, ni wangapi walikuwa na pesa za kununua televisheni, na umeme wa kuiwasha?

Hatusemi hivi kwa kulaumu. Kila kitu huanza mahali. Lakini ni vizuri tujue kwamba televisheni yetu ilizaliwa ikiwa kitu cha mji, na tabia ya mtoto aliyezaliwa mjini haikuisha haraka.

Majirani nao walikuwa na njia zao. Uganda ilianza televisheni yake mwaka wa 1963. Zanzibar ilianza mapema miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi, wakati sisi tulikuwa bado na nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka 1994, kwa kuwa serikali yake iliona kwamba ni anasa, na watu wasikilize redio kwanza. Kila nchi ilijibu kwa namna yake swali lile lile: chombo hiki ni cha nani?

Sauti ya Kenya

Tarehe 1 Julai 1964 serikali ililichukua shirika lile na kulipa jina la Voice of Kenya, Sauti ya Kenya. Likawa chini ya wizara. Mwaka wa 1970 Mombasa ikapata kituo chake cha televisheni. Mwaka wa 1978 picha za rangi zikaanza. Na polepole minara ya kupokezana ikajengwa juu ya milima, mmoja ukichukua picha kutoka kwa mwenzake na kuipeleka mbele, kama watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka mtoni.

Ndipo nasi tukaanza kuonja. Wazee wanakumbuka. Kijiji kizima kilikuwa na televisheni moja, labda kwa mwalimu mkuu au kwa mwenye duka. Ilikaa ndani ya kabati lake la mbao, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Betri ya gari ilipelekwa sokoni kuchajiwa, na ilirudi juu ya keria ya baiskeli. Antena ilifungwa juu ya mti wa mkaratusi, na kijana mmoja alikaa nje akiizungusha huku watu wa ndani wakipiga kelele: "Hapo! Hapana, rudisha! Haya, acha hapo!" Wengine huku mpakani waliigeuza upande wa Uganda, wakaona ya Kampala kabla ya kuona ya Nairobi. Chenga zilikuwa nyingi kuliko picha, lakini sauti ilisikika na watu waliridhika.

Na tulicheka, jamani. Vitimbi ya Mzee Ojwang' na Mama Kayai, Vioja Mahakamani na kesi zake zisizoisha. Michezo ile ilifanya kazi kubwa ambayo watu wengi hawaioni. Ilituonyesha kwamba Kiswahili chetu cha kila siku, na lafudhi zetu za Kijaluo, za Kiluhya na za Kikamba, zinaweza kukaa mbele ya kamera. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya picha zilikuwa za kununuliwa ng'ambo. Mzee Ojwang', ambaye jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, alifariki Julai 2015, na nchi nzima ilimlilia kama mzee wa nyumbani.

Lakini habari zilikuwa jambo lingine. Kila jioni taarifa ilianza na Mtukufu Rais: leo amefungua, leo amehutubia, leo ameonya. Chombo kilikuwa cha serikali na kilisema ya serikali. Mwaka wa 1989 jina la KBC likarudi, likawa shirika tena kwa sheria ya Bunge, lakini mtazamaji hakuona tofauti kubwa.

Stesheni ya pili

Machi 1990 ilianza KTN, stesheni ya kwanza ya televisheni ya watu binafsi hapa nchini. Mwanzilishi wake alikuwa Jared Kangwana. Mara ya kwanza mtazamaji wa Kenya akawa na uchaguzi: nikichoka na hii, nifungue ile. Na wakati wenyewe ulikuwa moto. Watu walikuwa wakidai vyama vingi. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba kikaondolewa, na Desemba 29, 1992 tukapiga kura.

Lakini hapa ndipo tunataka msikie vizuri. Stesheni hiyo mpya ilipoanza ilionekana Nairobi na kando yake. Sisi tulibaki na ile moja. Kwa hivyo katika miaka ile ambayo nchi ilikuwa ikijadiliana juu ya mabadiliko makubwa, mtu wa mjini alisikia pande mbili, na mtu wa Sirisia, wa Malakisi au wa Lwandanyi alionyeshwa upande mmoja. Kura zilikuwa sawa, moja kwa kila mtu. Habari hazikuwa sawa.

Kisha milango ikafunguka. Mwaka wa 1999 ilikuja Nation TV, tunayoiita NTV, na Citizen nayo ikaanza mwaka huo huo. Citizen ilipoanza upya mwaka wa 2006 ilijenga mitambo mingi nje ya Nairobi na kuweka mbele michezo ya Kiswahili. Hapo ndipo kule vijijini watu walianza kuchagua stesheni kama watu wa mjini. Kutoka mnara wa Limuru mpaka hapo, ni zaidi ya miaka 40.

Kuhamia dijitali

Halafu ikaja dijitali. Wengi wetu tuliambiwa tu kwamba televisheni zetu zimekuwa za zamani, bila kuelezwa sababu. Tueleze kidogo.

Zamani kila stesheni ilihitaji njia yake hewani. Ni kama barabara ambayo gari moja tu linapita. Kwa dijitali barabara ile ile inabeba stesheni nyingi pamoja. Nchi nyingi za dunia zilikubaliana huko Geneva mwaka wa 2006 kwamba mfumo wa zamani usimame kufikia Juni 17, 2015. Kenya ilianza kujaribu Desemba 2009. Ili televisheni ya zamani ipokee picha hizo mpya, ilihitaji king'amuzi, au dikoda kama tunavyosema.

Ikaja vita ya mahakama. Makampuni matatu makubwa ya habari, yenye Citizen, NTV na KTN, yalitaka nayo yapewe ruhusa ya kusambaza mawimbi yao wenyewe. Kesi ilifika mpaka Mahakama ya Juu. Februari 14, 2015 mitambo yao ya zamani ikazimwa, na stesheni zao zikawa giza kwa muda wa siku 19, mpaka mwanzoni mwa Machi. Mwisho wa Machi mwaka huo mfumo wa zamani ukafungwa kote nchini.

Sasa huku kwetu ilikuwaje? Zile televisheni za betri, ambazo mtu alinunua kwa pesa za mahindi au tumbaku, zikawa masanduku. King'amuzi kilikuwa shilingi elfu kadhaa, na hiyo ni karo au ni mfuko wa mbolea. Wengine waliuziwa vya kulipia kila mwezi bila kuelezwa kwamba viko vya bure. Mwezi ulipoisha picha ikakatika, na mama wa watu akafikiri mashine imeharibika. Tena dijitali haina huruma ya chenga. Zamani picha ilikuwa mbaya lakini uliona kitu. Sasa unapata yote au unakosa yote. Nyuma ya kilima, ukikosa, umekosa.

Hata leo tusidhani kazi imeisha. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba, tukichukua nchi nzima, nyumba zilizo na televisheni inayofanya kazi ni kama 4 kati ya 10. Hiyo ni pamoja na Nairobi na Mombasa. Na miezi michache baada ya hesabu hiyo, watoto wakaambiwa wasome kwa televisheni.

Nani anashika swichi?

Kuna jambo jingine ambalo tusilipite. Mwenye kushika swichi anaweza pia kuzima.

Agosti 1, 1982 wanajeshi waliotaka kupindua serikali walikimbilia Sauti ya Kenya kwanza, wakamlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela atangaze maneno yao. Walijua kwamba aliye na kituo kimoja kinachosikika kila mahali ana nchi masikioni. Desemba 30, 2007, baada ya uchaguzi ule wa shida, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na marufuku hiyo ikakaa zaidi ya mwezi. Januari 30, 2018, siku Raila Odinga alipoapishwa na wafuasi wake Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa. Baadhi zilikaa gizani zaidi ya wiki moja, hata baada ya mahakama kuamuru zifunguliwe. Na hii ilikuwa chini ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari.

Televisheni zikizimwa, mjini mtu anafungua simu. Mashinani tunabaki na uvumi wa sokoni, na uvumi ndugu zangu umeshachoma nyumba za watu katika nchi hii. Kwa hivyo uhuru wa televisheni si shauri la waandishi wa habari peke yao.

Tunaonekanaje?

Tumezungumza juu ya picha kutufikia. Lakini je, sisi tunafika kwa picha? Angalieni ni lini tunaonekana. Kati ya 2006 na 2008, wakati wa mapigano ya Mlima Elgon, watu walishuka kutoka mlimani wakiwa na watoto mgongoni. Wengi mliwapokea nyumbani kwenu. Wakati huo kamera zilifika. Tulionekana kwa bunduki, kwa mahema na kwa maiti. Ilikuwa kweli, na ilifaa ionyeshwe. Lakini familia zilizogawana unga na wageni wasiowajua hazikuwa habari. Soko la Chwele linapojaa vitunguu na ndizi mpaka barabarani, si habari.

Hata katika michezo, mtu wa kwetu mara nyingi amekuwa ni mpishi au ni bawabu. Papa Shirandula, ambaye marehemu Charles Bukeko alimwigiza vizuri sana mpaka alipofariki Julai 2020, alikuwa bawabu wa Nairobi anayemficha mke wake kazi yake. Tulimpenda na tulicheka, kwa sababu tunawajua watu kama hao, na kazi ya ubawabu ni kazi halali. Lakini mtoto akiona kila mara mtu wa kwao analinda geti, atafikiri ndani ya geti si pake.

Kuna mabadiliko. Bungoma mjini kuna West FM, na kampuni hiyo hiyo ikaingia pia katika televisheni kwa jina la West TV. Lugha ya Kibukusu inasikika redioni. Dijitali, pamoja na taabu zake zote, ndiyo iliyofanya stesheni ndogo ziweze kupata nafasi hewani. Zamani barabara ilikuwa moja na wakubwa walikuwa wameijaza.

Tena tusisahau kwamba jirani zetu walionyesha njia mapema. Mwaka wa 1982 huko Homa Bay kulianzishwa redio ndogo ya jamii kwa msaada wa UNESCO, ikitangaza kwa Kijaluo, kwa mitambo ya bei nafuu. Ilifungwa 1984. Haikudumu, lakini ilionyesha kwamba wananchi wa mashinani wakipewa maikrofoni wana la kusema. Siku hizi sheria ya Kenya inatambua utangazaji wa aina tatu: wa umma, wa biashara, na wa jamii. Huo wa tatu ni wetu, tukitaka.

Basi tufanye nini?

Tusirudi nyumbani na historia tupu. Tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, kabla ya kununua king'amuzi, uliza maswali mawili: ni cha bure au cha kulipia? Na je, mawimbi yake yanafika kwangu? Muulize jirani wa upande ule ule wa kilima, usimuulize muuzaji peke yake.

Pili, kila kikundi kiwe na televisheni moja ya pamoja, hata kama ni kwa sola, iwekwe katika ukumbi au darasa. Vikundi vya merry-go-round vinanunua sufuria na mabati kila mwezi. Vinaweza kununua na hii. Mzee mmoja na mama mmoja washike ufunguo. Masomo ya watoto yawe na saa zake, na habari ziwe na saa zake. Mpira tutaangalia pia, lakini usile saa za watoto.

Tatu, tukitazama tuzungumze. Baada ya habari, zima, kaeni dakika 10. Nani amesemwa? Nani hakuulizwa? Mtu anayezoea kuuliza hivyo hadanganywi kwa urahisi wakati wa kura.

Nne, vijana wana simu zenye kamera. Wajifunze kupiga picha ya dakika mbili inayoeleza nani, wapi, lini na kwa nini. Daraja likibebwa na maji, piga. Lakini na daraja likijengwa kwa mikono ya wananchi, piga pia, halafu mpelekee mwandishi wa kaunti. Na ombeni ruhusa ya mtu kabla ya kumpiga picha, hasa mgonjwa, mfiwa au mtoto.

Tano, stesheni ikituonyesha vibaya au kwa uongo, tuandike barua. Barua ya kikundi, yenye sahihi na tarehe, inasomwa kuliko manung'uniko ya njiani. Na wale wenye ndoto ya utangazaji wa jamii, waanze sasa kukutana na kuuliza masharti ya leseni. Haitakuwa kazi ya mwaka mmoja.

Ndugu zetu, ule mnara wa kwanza ulifika maili 15. Ilichukua zaidi ya miaka 40 mpaka mtu wa huku aweze kuchagua stesheni, na bado nyumba nyingi hazina. Hakuna anayejua ni lini shule zitafungwa tena, kwa ugonjwa au kwa mafuriko. Lakini hatuna haja ya kungoja siku hiyo. Kabla ya kutoka hapa, kila kikundi kichague watu wawili wa kushughulikia jambo la televisheni ya pamoja, na majina yao yapewe katibu. Katika mkutano ujao tutauliza mmefika wapi.